Kutoka Addis Ababa hadi Hermoni: safari ya kufuata nyayo za Henoko na Danieli

Safari hii ilifanyika Machi 2023, nami nimeiandika nikiwa nimesharudi Tanga, kwa msaada wa daftari, risiti na picha za simu. Haikuwa hija ya kawaida ya Nchi Takatifu kama zile zinazoandaliwa na makanisa yetu. Mimi na mwenzangu, mchungaji mstaafu wa Kilutheri kutoka Moshi, tulitaka kuona nchi iliyozaa maandiko ya Kiyahudi ya ufunuo, yaani yale yenye malaika wanaofasiri ndoto, wanyama wanaopanda kutoka baharini na hesabu za mwisho wa nyakati. Danieli ndiye anayefahamika kwetu sote, lakini ana ndugu wengi: Henoko, Yubilei, Ezra wa Nne, Baruku wa Pili, na magombo kadhaa ya Qumran, yaliyopatikana mapangoni kando ya Bahari ya Chumvi, ambavyo kwa sehemu kubwa viliandikwa kati ya karne ya 3 KK na mwanzo wa karne ya 2 BK.

Jumatatu, 13 Machi: Addis Ababa

Tulikata makusudi tiketi yenye mapumziko ya siku nzima Addis Ababa, kwa sababu anayemfuatilia Henoko hawezi kuiruka Ethiopia. Kitabu chake kiliandikwa kwa Kiaramu, kikatafsiriwa kwa Kigiriki, na baadaye kikaingia katika Kigeezi, lugha ya kale ya ibada ya Ethiopia. Kiaramu na Kigiriki vimetuachia vipande tu. Ni Kigeezi peke yake kilichokihifadhi chote, kuanzia sura ya 1 hadi ya 108, kwa kuwa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, ambalo Biblia yake huhesabiwa kuwa na vitabu 81, halikuwahi kukiweka kando. Ulaya ilikuwa ikikijua zaidi kwa kutajwa, hasa katika Waraka wa Yuda, hadi Mskoti James Bruce aliporejea kutoka Gondar na nakala tatu mwaka 1773. Tafsiri ya Kiingereza ya Richard Laurence ikatoka mwaka 1821.

Karibu na Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu tuliingia katika duka la vitabu vya dini, tukauliza kwa jina moja tu: “Henok?” Muuzaji hakushangaa hata kidogo. Alitoa rafuni kitabu chenye safu mbili, Kigeezi upande mmoja na Kiamhari upande wa pili, kikiuzwa kama vile kwetu unavyouzwa Tenzi za Rohoni. Shemasi kijana aliyekuwa akinunua mishumaa alitusomea aya za mwanzo kwa sauti ya kuimba, akakataa katakata kupokea chochote, kisha akatusindikiza hadi mgahawani ili tusitozwe bei ya wageni. Waethiopia walikuwa katika mfungo wao mkuu, kwa hiyo injera ilikuja na shiro, dengu na mboga za majani, bila nyama wala maziwa, nasi hatukuona pengo lolote.

Kwa atakayepita njia hii: hakikisha mapema kanuni za viza ya kutoka nje ya uwanja Addis, kwani sisi tuliomba kwa mtandao kabla ya kuondoka. Viza ya Israeli nayo ni lazima kwa Mtanzania kabla ya kusafiri, na ombi lianze wiki nyingi kabla.

Jumanne, 14 Machi: kuingia Yerusalemu

Ndege ya usiku, maswali ya saa nzima kwenye dirisha la viza (“Kwa nini hamko na kikundi?”), treni ya nusu saa kupanda milimani, kisha tramu hadi Lango la Dameski. Tulilala mchana wote katika nyumba ya wageni inayoendeshwa na watawa ndani ya Mji wa Kale, ambako chumba cha vitanda viwili kilitugharimu takriban shekeli 300 kwa usiku. Wakati huo shekeli moja ilikuwa kama shilingi 650 za Tanzania, na hesabu hiyo hukata hamu ya kula hotelini. Jioni tulinunua mkate mrefu wa ufuta langoni, na muuzaji akatufungia zatari ndani ya kipande cha gazeti bila kuongeza bei.

Jumatano, 15 Machi: Antioko chini ya miguu

Asubuhi tulishuka kusini mwa ukuta wa Mji wa Kale hadi eneo la Givati, katika kitongoji cha Silwan ambacho uchimbaji wake wenyewe ni sehemu ya mgogoro wa Wapalestina na Waisraeli. Palikuwa uwanja wa kuegesha magari. Mwaka 2015 wachimbaji walitangaza kwamba wamepata humo masalia ya Akra, ngome iliyojengwa na Antioko wa Nne Epifane, mfalme wa Kigiriki wa Shamu, kuulinda utawala wake mjini: sehemu ya mnara, mteremko wa udongo na mawe uliokusudiwa kuwazuia washambuliaji, vijiwe vya kombeo vya madini ya risasi, na vichwa vya mishale vya shaba vilivyogongwa alama ya mkuki wa ncha tatu wa mfalme huyo.

Nilikuwa nimembebea Mchungaji Biblia ya Kikatoliki, kwa kuwa yake haina Wamakabayo, vitabu vinavyosimulia uasi wa Wayahudi dhidi ya Antioko. Tulikaa kivulini tukasoma sura ya kwanza ya kitabu cha kwanza, naye akashangaa jinsi mambo yalivyo ya kiserikali. Ukuhani mkuu ulinunuliwa kwa fedha, kwanza na Yasoni, kisha na Menelao aliyepanda dau. Mwaka 169 KK hazina ya hekalu iliporwa. Mwaka 168 KK Antioko alifukuzwa Misri na mjumbe wa Roma, Gayo Popilio Laenas, aliyemchorea duara mchangani na kumtaka ajibu kabla ya kutoka ndani yake. Danieli 11:30 inazitaja “merikebu za Kitimu”, yaani za Warumi, na kuishia hapo. Mwaka 167 KK zikaja amri za kukataza tohara na Sabato, na madhabahu ya kigeni ikawekwa juu ya ile ya hekalu, ambayo Danieli analiita chukizo la uharibifu. Hekalu lilitakaswa Desemba 164 KK, lakini Akra ilibaki na askari hadi mwaka 141 KK.

“Lakini Mwalimu,” aliniambia, “Danieli aliishi Babeli.”

Nilimweleza wanavyofikiri wataalamu wengi: masimulizi ya Danieli yamewekwa Babeli, ila maono yake yalikamilishwa kati ya 167 na 164 KK. Sura ya 11 inafuata vita vya wafalme wa kaskazini, yaani Waseleuko wa Shamu, na wa kusini, yaani Waptolemayo wa Misri, hatua kwa hatua, kwa usahihi unaomshangaza mwanahistoria. Ikifika aya ya 40 usahihi unakoma. Aya ya 45 inamtazamia mfalme kufikia mwisho wake akiwa amepiga hema kati ya bahari na mlima mtakatifu, ilhali Antioko alifia Uajemi mwaka 164 KK. Porfiri, mwanafalsafa wa karne ya 3 BK, alishaliona hilo. Mchungaji alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema, “Sikubali yote, ila endelea kusoma.” Tukaendelea hadi jua lilipotufukuza.

Mchana tulikwenda Jumba la Makumbusho la Israeli, kiingilio zaidi ya shekeli 50. Watu hukimbilia kuba jeupe la Hekalu la Kitabu, lililofunguliwa mwaka 1965, ambamo nakala ya gombo kubwa la Isaya, lenye urefu wa zaidi ya mita 7, imezungushwa katikati. Msiishie hapo. Tafuteni jiwe la Heliodoro lenye barua ya Kigiriki ya mwaka 178 KK, ambamo mfalme Seleuko wa Nne anampa waziri wake Heliodoro maelekezo kuhusu usimamizi wa mahekalu ya eneo hili. Huyu ndiye Heliodoro ambaye kitabu cha pili cha Wamakabayo kinasimulia kwamba alitumwa kuchukua hazina ya hekalu. Herufi zake ni ndogo, zimepangwa kwa nidhamu ya karani, na pembe ya chini imevunjika. Vipande vilivyopungua vilipatikana katika mapango ya Maresha. Nilipolitazama jiwe hilo niliona kwamba ile pembe ndogo ya Danieli 7, ambayo wataalamu wengi huisoma kuwa Antioko, “yenye kinywa kilichokuwa kikinena maneno makuu”, ilikuwa na ofisi, mihuri na wakusanya kodi. Kwetu wahubiri wengi humgawia kila mnyama wa Danieli taifa la leo, na kila vita vipya vikianza hubadilisha mgawanyo. Wasomaji wa kwanza hawakuhitaji kubahatisha, kwani mnyama aliwatoza kodi.

Alhamisi, 16 Machi: Qumran

Basi la kuelekea Ein Gedi huondoka kituo kikuu, na nauli wakati huo ilikuwa chini ya shekeli 20. Barabara inashuka hadi kibao cha usawa wa bahari kisha inaendelea kushuka, kwa kuwa Bahari ya Chumvi ipo zaidi ya mita 400 chini ya usawa huo. Mwambie dereva mapema kwamba unashukia Qumran. Sisi tulisinzia, na tungepitilizwa kama mwanajeshi kijana aliyekuwa nyuma yetu asingepiga kelele kwa niaba yetu. Mahali hapa pamo katika Ukingo wa Magharibi, na njiani kuna kizuizi, hivyo pasipoti iwe mkononi. Kiingilio kilikuwa chini kidogo ya shekeli 30. Chakula cha pale ni ghali, tulikula mkate wetu wa Lango la Dameski.

Magombo ya kwanza yalipatikana na wafugaji wa Kibedui miaka ya 1946 na 1947, na baada yao yakagunduliwa mapango 11 yenye maandishi. Padre Roland de Vaux alichimba magofu kuanzia 1951 hadi 1956, akayahusisha na Waeseni, jamaa ya Kiyahudi iliyojitenga. Wapo wanaompinga, lakini wengi wanakubaliana kwamba jeshi la Roma liliyaharibu makazi hayo karibu mwaka 68 BK. Kitu kilichonishika kuliko vyote ni bwawa la kuogea la utakaso: ngazi zake zimepasuka kutoka juu hadi chini, na upande mmoja umezama kiasi cha kiganja kuliko mwingine, jambo ambalo de Vaux alilihusisha na tetemeko la mwaka 31 KK.

Kutoka ukingoni unaliona pango la 4 mbele yako, tundu jeusi katika udongo mweupe, karibu kiasi cha kumwita mtu aliye ndani. Humo vilitoka vipande kama 15,000. Kati ya mapango yote zilipatikana nakala 8 za Danieli na nakala 11 za Henoko kwa Kiaramu, ambazo Józef Milik alizichapisha mwaka 1976. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba Waethiopia walikuwa wametunza kitabu cha kale kweli, ingawa sehemu ya Mifano, sura ya 37 hadi 71, haikuonekana Qumran hata kwa kipande kimoja.

Jamaa hawa walifuata kalenda ya siku 364, ile ile inayofundishwa katika Henoko na Yubilei. Siku 364 ni majuma 52 kamili, kwa hiyo sikukuu huangukia siku ile ile ya juma kila mwaka, na haiwezi kuivamia Sabato. Lakini hekalu lilihesabu vingine, na mtu anayeamini kwamba makuhani wa Yerusalemu wanatoa sadaka katika siku zisizo zake hana budi kujitenga. Gombo la Vita linapanga mapigano ya miaka 40 kati ya Wana wa Nuru na Wana wa Giza, likitaja tarumbeta, bendera, urefu wa ngao na umri wa askari, na adui wake mkuu ni Wakitimu. Ukilisoma juu ya magofu yaliyochomwa na Warumi, unaona kwamba walikuwa wamemtambua adui vizuri. Msaada wa malaika ndio ambao haukufika.

Basi la kurudi lilichelewa karibu saa mbili kwa sababu barabara nyingi zilifungwa siku hiyo na maandamano ya kupinga mabadiliko ya mahakama. Mzee mwenye kibanda cha tende alitusogezea viti na maji baridi.

Ijumaa, 17 Machi: mawe ya mwaka 70

Wasafiri wakumbuke kwamba kuanzia Ijumaa alasiri hadi Jumamosi usiku mabasi na treni za Israeli husimama, na makumbusho mengi hufungwa mapema. Mabasi ya Waarabu yanayoondokea karibu na Lango la Dameski huendelea.

Tuliwahi saa 3 asubuhi kwenye bustani ya akiolojia chini ya pembe ya kusini-magharibi ya mlima wa hekalu. Barabara ya mawe ya zama za Herode imefukuliwa, na juu yake kuna lundo la vitalu ambavyo askari wa Tito, jemadari wa Roma, walivisukuma kutoka juu walipoliharibu hekalu mwaka 70 BK. Vingine ni virefu kuliko kitanda. Mabamba ya barabara yaliyo chini ya lundo yamepasuka na kudidimia, na ukiinama unaona jinsi jiwe moja lilivyotua kwa kona yake na kulitawanya bamba kama ganda la yai.

Hapo nilimsomea Mchungaji muhtasari wa Ezra wa Nne, kitabu ambacho Kiebrania chake kimepotea na ambacho tunacho kwa Kilatini, Kisiria, Kigeezi na lugha nyingine. Kinafungua kwa kusema ni mwaka wa 30 tangu mji kuharibiwa, na mwandishi anavaa jina la Ezra aliyeko Babeli. Kila msomaji wa mwaka 100 BK hivi alijua kwamba Babeli hiyo ni Roma. Anamuuliza Mungu swali ambalo halina adabu: je, wanaotutawala wametenda mema kuliko Sayuni? Malaika Urieli anatumwa kumjibu kwa mafumbo, naye hakubali kunyamazishwa, anauliza tena na tena, sura baada ya sura. Kisha anaona tai mwenye mabawa 12 na vichwa vitatu, ambavyo wafasiri wengi huvitambua kuwa wafalme wa Roma Vespasiano, Tito na Domitiano. Mwishoni anakunywa kikombe chenye rangi ya moto, anawasomea waandishi watano kwa siku 40, na vinapatikana vitabu 94: 24 vya watu wote na 70 vya wenye hekima tu.

Mchungaji amewazika watu wengi katika utumishi wake. Alisema hiki ndicho kitabu ambacho angependa wafiwa wakisome, na kwamba Urieli angefanya vyema kukaa kimya zaidi. Mimi pia nakiweka juu ya Danieli kwa jambo hilo, kwa sababu kinaipa huzuni muda wake.

Jumamosi tulipumzika na kufua nguo.

Jumapili na Jumatatu, 19 na 20 Machi: Dani, Banias na Hermoni

Basi la Kiryat Shmona lilichukua karibu saa nne, nauli chini ya shekeli 30, na mvua ilitusindikiza kuanzia Tiberia. Tulilala katika hosteli ya kibutsi, yaani kijiji cha ushirika. Asubuhi Hermoni alikuwa amefunuka mzima, kilele chake cha mita 2,814 kikiwa na theluji.

Katika Henoko, sura ya 6, malaika 200, ambao kitabu kinawaita Walinzi, wanashuka juu ya mlima huu na kuapa pamoja wasije wakaachana katika kosa lao. Wanaoa wanawake, wanazaa majitu yanayokula mavuno ya watu na hatimaye watu wenyewe. Asaeli anafundisha kufua panga na ngao. Walinzi wakishahukumiwa wanamwomba Henoko awaandikie ombi la msamaha, naye anakwenda kuketi kando ya maji ya Dani, kusini-magharibi mwa Hermoni, akilisoma ombi hilo mpaka usingizi unamchukua na maono yanamjia.

Tuliyafikia maji hayo saa 2 asubuhi. Chemchemi ya Dani hutoka chini ya miti kwa nguvu ya mto kamili, baridi ya kuumiza vidole, na ukigeuka kaskazini-mashariki mlima upo pale pale kitabu kinaposema. Aliyeiandika sura ya 13 aliijua nchi hii, au alimsikiliza vizuri mtu aliyeijua. Kelele za maji ni za aina moja, hazipandi wala hazishuki, na Mchungaji, akiwa ameegemea gogo, alilala kweli.

Usafiri wa umma kutoka Dani kwenda Banias ni wa shida. Tulianza kutembea, na pikapu iliyojaa makreti matupu ya tufaha ikasimama. Dereva alikuwa mzee wa Kidruzi kutoka Majdal Shams, kijiji kilicho mlimani katika Golan inayokaliwa na Israeli. Kwa Kiarabu changu cha kuokoteza na Kiingereza chake kidogo nilijaribu kumweleza tunamtafuta nani, na jina la Henoko halikumwambia kitu. Niliposema Nabii Idrisa, ambaye wafasiri wengi wa Kiislamu humtambua kuwa ndiye Henoko, alipiga usukani kwa furaha. Alitupeleka hadi langoni, akakataa nauli, na kutupa tufaha nne za mwisho zilizokuwa chini ya kiti.

Banias ni pango kubwa jekundu chini ya jabali, na ubavuni mwake vidaka vilivyochongwa kwa ajili ya sanamu za Pani, mungu wa Kigiriki. Hapa, karibu mwaka 200 KK, Antioko wa Tatu alimshinda Skopa, jemadari wa Waptolemayo, akamfukuza hadi Sidoni na kumzingira humo. Danieli 11:15, ya mfalme wa kaskazini anayejenga boma na kuutwaa mji wenye ngome, huelezwa kwa kisa hicho. Kwa pigano hilo Uyahudi ulihama kutoka mkono wa Misri kwenda mkono wa Shamu, na miaka 33 baadaye mwana wa mshindi akatoa amri zile za mwaka 167. Tangu Aleksanda afe mwaka 323 KK, majemadari wake na warithi wao walikuwa wakipitisha majeshi katika nchi hii, na wapo wataalamu wanaoona kwamba majitu ya Henoko, yanayokula kila kitu na kuuana, ndiyo hao. Nilipokuwa nimesimama katika njia nyembamba kati ya mlima na bonde, ambayo jeshi la kutoka kaskazini haliwezi kuikwepa kirahisi, sikuona sababu ya kubishana nao.

Jumanne, 21 Machi na kurudi

Siku ya kurudi ilikuwa ya mabasi na kusubiri. Kitabu cha Kigeezi kilifunguliwa ukurasa kwa ukurasa katika ukaguzi wa uwanja wa ndege, kisha nikarudishiwa bila neno.

Kwa anayetaka kufuata njia hii: aanze Dani asubuhi na mapema kisha Banias, si kinyume chake, kwa sababu makundi ya mabasi ya kitalii hufika Dani baada ya saa 4. Akienda Februari au Machi abebe koti kwa ajili ya kaskazini na kofia kwa ajili ya Qumran, na asiweke ziara zote mbili siku moja. Mtu wa Biblia ya Kiprotestanti aazime Wamakabayo kabla ya kuondoka na asome sura ya kwanza pamoja na Danieli 11, aya kwa aya. Hali ya usalama ya mpaka wa kaskazini ilibadilika sana miezi michache baada ya safari yetu, kwa hiyo tahadhari za sasa zisomwe kabla ya kulipia chochote Kiryat Shmona.